Prufu Ambayo Haikulala

Mtu akiniambia "nyekundu" bila kueleza nyekundu gani, mpaka leo napandwa na hasira. Nyekundu ya tofali? Ya nyanya iliyoanza kuiva? Ya jicho la mtu mwenye homa? Wajukuu wangu hunicheka kwa hilo na mimi huwaacha wacheke. Nilifundishwa rangi na mtu ambaye hakuridhika na neno moja, na kuna sehemu ya mafunzo hayo ambayo sijawahi kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nami nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha chapa cha misheni mjini Homa Bay. Kusema kiwanda ni kukipamba. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, mlango mmoja ukiangalia ziwa. Mlikuwa na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu iliyochapa vitabu vya sala, ripoti za shule na matangazo ya mnada. Mashine ndogo ya mkono ya kuvutia prufu. Meza ya jiwe ya kupangia herufi za risasi. Na harufu ya mafuta ya taa iliyotufuata mpaka kanisani. Niliingia hapo kama msichana wa kukunja karatasi na kushona vitabu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijaolewa, na mdomo wangu haukujua kutulia.

Prufu, kwa asiyejua, ni karatasi ya kwanza inayochapwa ili itazamwe kabla ya kazi yenyewe. Hutazamwa herufi, mistari, na kama kazi ina rangi, hutazamwa rangi. Ikiridhisha, mwenye kazi hutia saini pembeni, mchapaji naye hutia yake, na tangu hapo karatasi hiyo ndiyo sheria. Nakala zikitofautiana nayo, kosa ni la mchapaji. Zikifanana nayo, mchapaji hana kosa, hata watu wote walie. Nililipenda sana jambo hilo nilipokuwa mgeni katika kazi. Niliona ni kinga nzuri.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mkuria wa makamo kutoka upande wa Kegonga. Tulimwita Fundi, basi. Alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na aproni yake ilikuwa na rangi zote tulizowahi kuchapa. Wazungu waliomfundisha walimwachia daftari la vipimo vya kuchanganya wino. Alilitumia kuzibia dirisha lililovunjika kioo. Vipimo vyake yeye vilikuwa ng'ombe wa boma la baba yake. Angeinama juu ya bamba la kuchanganyia, kisu cha wino mkononi, aniambie, "Tia nyeusi kidogo. Hii bado ni ile mtamba ya mama yangu. Mimi nataka ile dume iliuzwa wakati ya njaa."

Na mimi nilimwelewa. Kwetu, nje kidogo ya Migori, baba hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyechunga. Mchungaji asiyejua kutofautisha wekundu wa ng'ombe wake na wa jirani hurudi nyumbani na ng'ombe wa watu. Fundi aligundua jicho hilo siku niliyomwambia, nikiwa nimebeba rundo la karatasi, kwamba wino wa jalada la leo si wa jana. Alikasirika, akatazama, akarekebisha wino. Wiki iliyofuata akanitoa kwenye sindano na uzi akaniweka kwenye wino. Tulitaniana tangu siku hiyo. Nilimwambia ng'ombe wa kwao ni wadogo kiasi kwamba rangi haipati pa kukaa. Alinijibu kwamba Mjaluo anajua rangi mbili tu, samaki mbichi na samaki mkavu.

Sheria yake moja haikuwa na utani. Prufu ya rangi lazima ilale. Akishaivuta kutoka kwenye mashine aliibana kwa kibanio kwenye kamba iliyopita juu ya meza, akaenda zake nyumbani. Hakuitazama tena mpaka kesho yake, saa nne hivi, jua likiwa limeingia mlangoni lakini halijawa kali. Hapo ndipo alipomruhusu mwenye kazi kuishika na kutia saini. Wateja walilalamika. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kumwita mshirikina mbele yetu sote. Fundi alimwambia, "Karatasi imechoka, mwalimu. Wacha ilale." Nilidhani ni mambo ya uzee. Hakunieleza sababu, nami sikumwuliza, maana nilijiona nimeshajua kazi.

Kazi ya damu ilikuja Fundi akiwa hayupo. Alikuwa ameitwa Kegonga kwa msiba, na alisema atakaa huko hata wiki mbili. Alinikabidhi ufunguo. "Kazi ikikuja, fanya," aliniambia. "Lakini ilale." Nilimwambia asafiri salama.

Aliyeleta kazi alikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, mtu aliyezunguka na mashua kukagua zahanati za kando ya ziwa. Watu walimwita daktari na yeye hakuwasahihisha. Alitoa mfukoni kitabu kidogo, chembamba, kimechakaa pembe. Ndani mlikuwa na vipande kumi vya rangi nyekundu vilivyopangwa kwa ngazi, kutoka wekundu uliopauka kabisa mpaka wekundu mzito, na kila kipande kilikuwa na tundu katikati na namba pembeni, kumi mpaka mia. Alinieleza matumizi yake. Mgonjwa huchomwa kidole, tone la damu likadondoshwa kwenye karatasi ya kukaushia wino. Kisha karatasi hiyo hupitishwa chini ya matundu, moja baada ya jingine, mpaka rangi ya damu ifanane na rangi ya kitabu. Namba iliyo hapo ndiyo nguvu ya damu yake. Akina mama wajawazito ndio waliopimwa zaidi, maana malaria na minyoo huwamaliza damu, na mama asiye na damu ya kutosha siku ya kujifungua anaweza kupotea.

Vitabu hivyo vilikuwa vinatoka ng'ambo, na mzigo mpya haukuwa umefika. Zahanati nyingi hazikuwa na hata kimoja. Alitaka arobaini vya kusukuma siku.

"Rangi zako ziwe kama hii," alisema. "Usinipatie karibu-karibu. Nataka hii yenyewe."

Nilimwambia aketi. Najikumbuka vizuri asubuhi ile, na sijipendi. Nilikuwa na furaha. Wekundu kumi, na Fundi hayupo, na mtu wa serikali ameketi kwenye stuli yangu akitazama mikono yangu. Nilitandaza wino kwenye mabamba, mwekundu, mweusi kidogo, manjano kidogo, na mweupe kwa zile zilizopauka. Nilimkumbuka ng'ombe mmoja mmoja wa kwetu. Kila mchanganyiko niliuvuta kwenye mashine ndogo, nikaweka karatasi ikiwa mbichi kando ya kitabu chake, nikarekebisha, nikavuta tena. Dresa alikuwa akiinama nami. Tulibishana juu ya kipande cha hamsini kwa muda mrefu, na mwisho nilimshinda kwa haki, kwa sababu nilikuwa sahihi. Saa nane mchana karatasi kumi zilikuwa mezani, zinang'aa, na huwezi kuzitofautisha na kitabu chake. Hata leo nasema hivyo. Huwezi kuzitofautisha.

Nilipokuwa nikiosha rola ya kupakia wino alinifundisha jambo la kazi yake. "Watu wanaharibu hapa," alisema. "Anatoa damu, anasoma saa ile ile. Damu mbichi inang'aa, inakudanganya. Lazima ungoje ipoteze kung'aa. Halafu ndio unasoma."

Nilisema, "Eeh," nikaendelea kusugua rola. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nafikiria atakavyomwambia Fundi kwamba msichana wake ni hodari.

Mashua yake ilikuwa inaondoka alasiri kwenda upande wa Sindo. Alitaka kutia saini na kuondoka, na kitabu chake aende nacho, kwa kuwa kulikuwa na akina mama waliokuwa wakimngoja. Angerudi baada ya siku tatu kuchukua kazi. Nilitazama kamba juu ya meza, vibanio vyake vimejipanga kama ndege. Nilifikiria kumwambia, "Ngoja mpaka kesho, karatasi ilale." Niliona aibu. Nilijiona nikifanana na mzee. Nikampa kalamu. Alitia saini pembeni mwa prufu, nami nikatia yangu chini yake, kwa herufi kubwa za shule. Jioni ile nilichapa kazi yote kwa mchanganyiko ule ule kabla haujakauka juu, wasichana wawili wakinisaidia kutandaza.

Kesho yake asubuhi nilifungua mlango nikaona kwamba rangi zimepauka.

Si sana. Mtu mwingine asingeona. Lakini mng'ao ulikuwa umekwisha, karatasi yetu laini ilikuwa imeunywa wino kama ardhi inavyokunywa mvua ya kwanza, na kila wekundu ulikuwa umerudi nyuma hatua moja, mwingine hatua mbili. Nilichukua prufu yenye saini nikailinganisha. Prufu nayo ilikuwa imepauka vile vile. Kazi na prufu vilifanana kabisa. Kwa sheria ya chapa nilikuwa sina kosa. Kitabu chenyewe kilikuwa ziwani, mfukoni mwa dresa, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunisuta ila makopo yenye mabaki ya wino wa jana, ambao ulikuwa bado mbichi. Niliweka karatasi moja kando ya kopo lake. Kulikuwa na tofauti, na niliiona.

Nilifunika kopo.

Sina sababu nzuri ya kueleza. Karatasi ile nzuri ilikuwa imekwisha, na dresa angerudi, na Fundi angejua. Nilijiambia ni jambo dogo, ni mambo ya jicho langu la ng'ombe, nani mwingine ataona? Tulikata vipande, tukatoboa matundu, tukabandika kwenye kadi, tukashona. Dresa alirudi, akafungua kimoja mlangoni, akatazama prufu yenye saini yake, akaona vinafanana, akanishukuru, akaondoka na arobaini. Alikuwa ameacha kitabu cha zamani hospitalini. Nilitabasamu mpaka alipopotea barabarani, kisha nikaketi nyuma ya nyumba.

Hapa lazima niseme kilichonitisha hata kabla ya kujua lolote, maana hesabu yake nilikuwa nimeshaifanya kichwani usiku. Kama rangi zetu zimepauka, basi damu iliyopauka itafanana na namba kubwa kuliko stahili yake. Mama asiye na damu ataambiwa anayo. Nililielewa hilo vizuri. Nikaamka, nikaenda kazini, nikachapa ripoti za shule.

Fundi aliporudi alipitia jalada la prufu kama kawaida yake. Alipofika kwenye karatasi zile alizipapasa kwa kidole gumba kwa muda.

"Kazi nzuri," alisema. "Ililala?"

"Ililala," nikasema.

Alizirudisha kwenye jalada.

Nilikuwa na dada mmoja, mkubwa wangu, aliyeolewa Sindo. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na ndiye aliyelia siku nilipoondoka nyumbani, wakati mama alipokuwa akinikumbusha nisisahau sufuria. Alikuwa na mimba ya tatu. Miezi miwili hivi baada ya kazi ya damu, mume wake alikuja Homa Bay kuuza samaki, akapita kunisalimia, akanisubiri nje ya mlango wa kiwanda kwa sababu hakupenda harufu. Nilimwuliza habari za dada.

"Yuko," alisema shemeji, kwa Kijaluo. "Anachoka tu. Akipanda kutoka ziwani na ndoo anapumzika mara tatu. Na odowa anakula mpaka namfichia."

Odowa ni udongo mgumu unaouzwa sokoni, na wajawazito hupenda kuutafuna. Mama yetu alikuwa akisema anayeula sana damu yake imepungua.

"Mmempeleka zahanati?" niliuliza.

"Tulimpeleka. Wana kitabu kipya siku hizi. Walimchoma kidole wakapima, wakasema damu iko ya kutosha, ni uzito wa mimba tu. Mama yangu amekuwa akimwambia aache uvivu." Alicheka kidogo. Alikuwa mtu mwema, na hakujua alichokuwa akiniambia.

Nakumbuka kwamba nilimwuliza bei ya samaki, na kwamba alinijibu, na sikusikia jibu. Nilimwomba asiondoke, anisubiri.

Fundi alikuwa anapangusa rola kwa kitambaa. Nilisimama mbele yake.

"Fundi, ile prufu ya damu haikulala."

Aliendelea kupangusa mpaka mwisho wa rola, akaiweka mahali pake.

"Uliniambia ililala."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa mimi?" Alionekana kushangaa kweli, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifokea. Kisha akasema, "Na umeona ilibadilika?"

"Niliona asubuhi yake."

Hapo alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Toa aproni. Twende hospitali." Njiani nilimweleza habari za dada.

Dresa tulimkuta kwenye veranda. Fundi ndiye aliyezungumza, kwa maneno machache, akanyoosha prufu juu ya meza. Dresa alitoa kitabu cha zamani kabatini akakifungua kando yake. Sasa hata mtu ambaye hajawahi kuchunga ng'ombe angeona.

"Hii ni saini yangu," dresa alisema mwishowe. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi ndio nafundisha watu. Kila zahanati nawaambia, ngojeni damu ipoteze kung'aa ndio msome. Halafu mimi mwenyewe nikasoma wino inang'aa." Aliniangalia. "Na nilikwambia. Siku ile ile nilikwambia."

Nilitaka ardhi inimeze. Fundi alisema, "Huyu msichana ako na dada Sindo. Alipimwa na hii."

Tuliondoka siku ile ile kwa mashua ya injini, dresa, shemeji na mimi. Nimesafiri sana tangu wakati huo, na sijawahi kuona safari ndefu kama ile. Shemeji alikuwa ameambiwa tu kwamba kitabu kina kasoro. Aliniuliza mara mbili kasoro yenyewe ni nini. Nilimwambia ni mambo ya chapa. Niliona anavyonitazama, akaacha kuuliza. Niliomba Mungu ziwa zima, na sala yangu ilikuwa moja: kwamba uchungu wa dada usiwe umeanza.

Tulimkuta ameketi chini kwenye mkeka akichambua omena, dagaa wa ziwani, mgongo ukiegemea ukuta. Alitaka kusimama anisalimie, akashindwa, akacheka.

"Nyaminwa," alisema. Dada yetu, ndivyo tulivyoitana. "Umekuja kunitazama au kunichapa kitabu?"

Nilimshika mikono. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Nilifungua kope zake kwa kidole, jinsi mama alivyokuwa akitufanyia, na ndani pia palikuwa peupe. Dresa alimchoma kidole, akadondosha tone, akangoja. Sote tulikodolea macho lile tone likipoteza kung'aa. Alipitisha kwanza kitabu chetu, ambacho tulikipitia zahanati kukichukua. Tone lilikaa kwenye sitini kama limechorwa hapo. Kisha akapitisha kile cha zamani. Lilikaa kwenye arobaini.

Mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza kuna nini. Dresa alimwambia anampeleka dada Homa Bay sasa hivi.

"Kwa hiyo yule wa zahanati alikosea?" dada aliniuliza, shemeji na mama yake wakiwa wametoka kuandaa safari.

"Hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Wewe hupimi damu."

"Nilitengeneza rangi. Nilijua zimeharibika nikanyamaza."

Nilikuwa tayari anipige, anitukane, alie. Alijifuta magamba ya omena mikononi polepole, kidole kwa kidole.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Siku ile tulikuwa foleni kubwa."

Naona aibu kuandika hivi, lakini katika siku zote zile, tangu asubuhi nilipofunika kopo, sikuwa nimewafikiria kama watu. Nilikuwa nimefikiria "mama asiye na damu", kama mtu anavyofikiria herufi. Ilibidi awe dada yangu ndipo nilipovua aproni.

Alitiwa damu Homa Bay, akalazwa mpaka akajifungua, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Alipona. Mtoto yule sasa ni mama mzima na hajui kwamba aliponea chupuchupu kwa sababu ya kosa langu. Dada hakulitaja tena jambo lile, hata tulipogombana kwa mambo mengine, na tuligombana sana. Shemeji aliambiwa ukweli na dada mwenyewe, akakaa mwaka mzima bila kunisalimia. Nilimwona ana haki.

Fundi hakunifukuza. Nilimwomba anifukuze, akasema hana mwingine mwenye jicho. Tulichapa upya wekundu wote kumi, safari hii kwenye karatasi ngumu zaidi, na kila prufu ililala siku mbili. Alinifanya nichanganye kwa makusudi wino uliokuwa mzito kuliko kitabu, ili ukikauka ushuke mpaka mahali pake. Ndipo aliponieleza kitu ambacho angeweza kunieleza tangu mwanzo kama ningeuliza. Wino mbichi, alisema, ni kama ng'ombe aliyetoka mtoni. Humnunui akiwa na maji mgongoni. Kisha alitoa jaladani ile prufu ya kwanza, akanipa kalamu, akaniambia niandike chini ya saini yangu: Haikulala. Niliandika. Ikabaki jaladani miaka yote niliyokaa pale, na kila msichana mpya aliyefundishwa wino alionyeshwa, na kila mara mimi ndiye niliyetakiwa kumweleza.

Dresa alizunguka zahanati moja moja kukusanya vitabu vibovu. Vilirudi vyote isipokuwa viwili, na vile viwili vilinikosesha usingizi mpaka vilipopatikana, kimoja kikiwa kimefanywa kifuniko cha kopo la vidonge. Alikwenda pia kuwatafuta akina mama waliopimwa, akiuliza boma kwa boma, kwa sababu zahanati nyingi hazikuandika majina. Aliporudi alikuwa amekonda. Sikuwa na moyo wa kumwuliza amewapata wangapi, na wangapi aliwakuta wameshazikwa. Yeye naye hakuniambia. Tulikuwa tukikutana barabarani, tunasalimiana kama watu waliofiwa pamoja, kila mmoja anashika njia yake.

Vitabu vibovu vilichomwa nyuma ya kiwanda. Fundi alisimama pale na fimbo akivipindua mpaka vikaisha. Kimoja nilikiiba. Ni kile cha Sindo. Mhudumu wa pale hakuwa na daftari, kwa hiyo kila alipompima mama alichora kijistari kwa penseli ndani ya jalada, na kila baada ya vinne akakata kwa cha tano, kama wanavyohesabu magunia. Vipo vijistari thelathini na saba. Nimekaa navyo muda mrefu, rangi zenyewe zimeshapauka zaidi, na penseli bado inasomeka. Najua kimoja ni cha dada yangu. Sijui ni kipi.